Mama na Milima ya Mkwewe

Mama yangu na mume wangu waliishi kwa amani miaka mingi kwa sababu hawakuwa na cha kusemezana. Wakikutana ilikuwa shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, mvua imekuwa nyingi, basi. Baada ya hapo kila mmoja alinitafuta mimi kwa macho, nije niwatenganishe.

Mama alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu mpaka alipostaafu. Alifundisha maumbo ya nchi: kwa nini bonde hili ni jembamba na lile ni pana, kwa nini mlima huu una ncha na ule una kipara. Ndani ya somo hilo alikuwa na kipenzi chake, nacho ni milima iliyochongwa na barafu. Wanafunzi walimwita Mama Barafu. Wengine walimwita hivyo kwa sababu ya somo, wengine kwa sababu ya jinsi alivyomtazama mtu aliyechelewa kuingia darasani.

Mume wangu kazi yake ni kutengeneza nchi zisizokuwepo. Mtu akiwasha mchezo wa kompyuta akajikuta amesimama jangwani, ajue kuna binadamu aliyelikalia lile jangwa kitako wiki nyingi, akapanga kila tuta la mchanga. Siku nilipompeleka nyumbani kumtambulisha, mama alimuuliza anafanya kazi gani, naye akaeleza kwa kirefu, jasho likimtoka. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unacheza," akasema.

"Natengeneza, mama. Wanaocheza ni wengine."

"Vizuri," mama akajibu, akarudi kwenye chai yake.

Tulioana, tukajaliwa pacha wa kike, na tangu hapo tukapoteza majina yetu. Mimi nikawa Mama Pacha, yeye Baba Pacha. Mama alimheshimu kama baba wa wajukuu zake. Kazi yake aliiacha ilivyo, kama mtu anavyouacha mlango wa chumba asichokusudia kuingia.

Ndipo mama akateleza bafuni kwake akavunjika nyonga.

Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini daktari alisisitiza asikae peke yake mpaka aweze kutembea bila kushikilia kitu. Mimi ni mfamasia wa hospitali, na dirisha langu la dawa haliwezi kumngoja mtu. Pacha walikuwa wameanza shule ya chekechea. Mtu pekee aliyekuwa nyumbani mchana alikuwa mume wangu, kwa maana ofisi yao ni ndogo mno wote kukaa kwa pamoja, hivyo siku nyingi yeye hufanyia kazi sebuleni.

"Haiwezekani," mama akaniambia akiwa bado kitandani hospitalini. "Mimi nishinde na mkwe kutwa nzima?"

"Mama, ni kukuletea chai na kukuokotea kitabu kikianguka."

"Na tutazungumza nini?"

"Msizungumze."

Hilo lilimridhisha kidogo. Mume wangu nilipomwambia, aliuliza kama hospitali haina wodi ya wagonjwa wanaopata nafuu polepole.

Basi tukamweka mama sebuleni kwenye kiti kirefu cha kuegemea, mgongoni mito miwili, karibu na mkono wake wa kulia kile chuma cha kutembelea chenye miguu minne. Meza ya mume wangu iko dirishani, na juu yake kuna skrini kubwa kama kioo cha kabati. Kwa namna sebule yetu ilivyo, kiti cha mama hakikuwa na pengine pa kuelekea. Kutwa nzima alikuwa akitazama kisogo cha mkwewe, na mbele ya hicho kisogo, skrini.

"Ni kama niko kwenye mtihani na msimamizi amesimama nyuma yangu," mume wangu alinong'ona siku ya kwanza.

"Vaa hedifoni."

"Nimevaa. Namsikia akinyamaza."

Yaliyofuata sikuyashuhudia yote kwa macho yangu. Niliyasikia kwa wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, na masimulizi yao yanakubaliana, isipokuwa kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyeanza kucheka.

Wakati huo ofisi yao ilikuwa ikitengeneza mchezo wa msafiri anayemtafuta kaka yake aliyepotea milimani. Nchi ya milima hiyo ilikuwa kazi ya mume wangu. Alikuwa ameshaimaliza kwa sehemu kubwa: vilele vyenye ncha kali, mabonde mapana, maziwa madogo ya buluu, theluji ya kumwaga. Mimi nilipoonyeshwa niliiona nzuri kupita maneno. Siku moja asubuhi alikuwa akiizungusha nchi ile kwa kipanya, akiikagua huku na huko, akasikia sauti nyuma yake.

"Milima hiyo imechongwa na nani?"

Akavua hedifoni. "Mimi, mama."

"Sikuulizi nani ameichora. Nauliza nani ameichonga."

Mume wangu akaitazama skrini, akamtazama mama, akasema hajaelewa swali. Mama akamwambia si neno, aendelee na kazi. Akafungua kitabu chake. Kazi gani tena, mtu wa watu aliponiona jioni alinivuta mpaka jikoni na kufunga mlango.

"Mama yako ameniuliza swali. Limenikaa kama mwiba."

"Si umuulize maana yake?"

"Unamwona mama yako ni mtu wa kuulizwa?"

Lakini kesho yake alimuuliza. Alipiga moyo konde, akageuza kiti chake kikaelekeana na cha mama, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tuoane, akasema, "Mama, lile swali la jana. Naomba unifundishe."

Nadhani lile neno la mwisho ndilo lililofanya kazi. Kwa mwalimu aliyestaafu, neno hilo ni kama kumwonyesha mtu aliyetoka safari ndefu godoro.

Mama alinyanyuka kwa chuma chake, akaenda mpaka kwenye skrini, akaweka kidole. "Kilele hiki nimekiona. Kipo kweli, katika nchi yenye mvua nyingi na theluji nzito. Bonde hili pia nimeliona, ila lenyewe ni la nchi ya baridi kavu, mbali na bahari. Umechukua kilele cha huku ukakipandisha juu ya bonde la kule. Baba Pacha, hivi viwili havijawahi kuonana."

"Ila barafu si ni barafu, mama?"

Mama akamwangalia kwa huruma. "Niletee sabuni," akasema. "Na kijiko."

Nilipotoka kazini nilikuta mche mzima wa sabuni yangu ya kufulia umekatwakatwa juu ya gazeti, na watu wawili wameuinamia kama madaktari. Mama ndiye aliyeshika kijiko. Alikuwa akionyesha jinsi theluji inavyojikusanya kwenye kibonde kidogo ubavuni mwa mlima, ikashindiliwa na uzito wake ikawa barafu, na barafu hiyo ikaanza kuteleza na kujizungusha, ikikwangua mwamba mpaka ikaacha shimo lenye umbo la bakuli, lenye ukuta mrefu nyuma na mdomo wazi mbele. Alichota bakuli upande mmoja wa sabuni. Akachota jingine upande wa pili, mgongo kwa mgongo. Katikati ukabaki ukingo mwembamba ambao ungeweza kuukatia karatasi. Akachukua kipande kingine, akakichota pande tatu akikizungusha, na pale juu kikasimama kilele chenye ncha.

"Kilele hakijengwi," akasema. "Kilele ni mabaki. Ndicho kilichosalia mabakuli yalipomaliza kula."

"Na hiki?" mume wangu akauliza. Kulikuwa na kipande kimoja ambacho juu hakikuguswa, kimebaki tambarare, kimechotwa kidogo tu pembeni.

"Hicho ni cha nchi ya baridi kali. Barafu ilikuja ikaganda mpaka chini, ikashikamana na mwamba kama gundi. Haikuteleza, na isipoteleza haichongi. Ikakaa maelfu ya miaka, ikaondoka, ikaacha kila jiwe pale ilipolikuta."

Mume wangu alikichukua kile kipande akakigeuzageuza mkononi. Ninaujua uso wake. Alikuwa amependa.

"Nani atanilipa sabuni?" nikauliza mlangoni. Hakuna aliyenisikia.

Kuanzia siku hiyo sebule yetu iligeuka darasa. Ningependa kusema mambo yalikwenda kwa ulaini, lakini mama hajawahi kumpa mtu alama za bure. Mume wangu alikuwa akichonga bakuli kwenye skrini kwa mkono, moja moja, halafu anageuka kumtazama. Mama anatikisa kichwa. Hili ukuta wake umesimama wima mno, huu ni mwamba laini, ungeporomoka. Hili lina kina kirefu mno kwa nchi kavu hivyo, theluji ya kulichimba ungeitoa wapi? Haya yote umeyageuza upande mmoja, na nchi hii iko katikati ya dunia, jua linapita utosini; yatagombania kivuli gani?

Hilo la mwisho lilimfanya mume wangu aweke kipanya chini. Mama akamweleza. Katika nchi za kaskazini jua hukaa upande wa kusini, kwa hiyo theluji hujificha upande wa kaskazini. Tena upepo mwingi hutoka magharibi ukiisukumia ng'ambo, upande wa mashariki. Ndiyo maana huko mabakuli mengi hufungua midomo kaskazini na mashariki. Katika nchi za kusini ya mbali jua liko kaskazini, basi midomo inageukia kusini. Na milima ya katikati ya dunia, mama akasema, ina adabu zake. Mabakuli yameizunguka pande zote kama vikombe kwenye sinia. Lakini barafu yenyewe hudumu zaidi upande wa magharibi, kwa sababu asubuhi mbingu ni safi na jua linaupiga upande wa mashariki bila kizuizi, na likifika saa za alasiri kwenda kuupiga wa magharibi, linakuta mawingu yameshafika.

"Mawingu ya alasiri tu?" mume wangu akauliza. "Hayo ndiyo yanaamua barafu ikae wapi?"

"Ya alasiri, kila siku, kwa maelfu ya miaka. Wewe ungeachiwa kivuli muda wote huo hungekaa?"

Hapo mume wangu akasema jambo ambalo mama hakulitegemea. Alisema hawezi kuendelea kuchonga kwa mkono, kwa kuwa kila akitengeneza bakuli anaiga, na anayeiga hukosea. "Nikiiambia kompyuta jua liko wapi, na upepo unatoka wapi, na mwamba ni mgumu kiasi gani, halafu nikamwaga theluji nikaiacha? Isichongwe na mimi. Ichongwe na barafu yenyewe."

"Inawezekana?"

"Sijui. Nipe siku chache."

Zikawa siku za yeye kuandika na mama kumlinda. Ndiyo, kumlinda. Pacha wakija kumvuta shati aliwaita kwake akawasomea. Jirani akibisha hodi alimjibu mlangoni kwamba baba yuko kazini. Nami nilipopiga simu mchana kuuliza kama tunahitaji mkate, mama alipokea akaniambia kwa sauti ya chini nisipige tena, watu wanafikiri.

Siku kazi ilipokuwa tayari nilikuwepo, ilikuwa mapumziko ya mwisho wa wiki. Mume wangu alisogeza kiti cha mama karibu na skrini. Palikuwa na mlima mmoja wa mviringo, butu, kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Akaweka jua kusini. Akaweka upepo wa magharibi. Akabonyeza.

Theluji ikaanza kushuka, na miaka ikaanza kukimbia, karne kwa pumzi moja. Mwanzoni mlima ulikuwa mweupe wote. Halafu jua likala upande wake, upande mwingine ukabaki na mabaka, na mabaka yakanenepa yakawa barafu, barafu ikaanza kwenda. Ilikwenda kweli, niliiona, nzito na taratibu kama uji mzito unavyosogea sufuria ikiinamishwa. Chini yake mwamba ukaanza kuliwa. Ukuta ukarudi nyuma. Sakafu ikazama. Mume wangu alipokuja kuyeyusha barafu yote, bakuli lilikuwa pale, limekaa ubavuni, mdomo wake umeelekea kaskazini mashariki, na ndani yake kimetuama kiziwa kidogo cha maji ambacho hakuna mtu aliyekichora.

Mama aliomba jaribio lirudiwe. Likarudiwa. Akaomba jua lihamishiwe kaskazini, na mlima uleule ukachongwa upande wa pili. Akaomba baridi izidishwe mpaka barafu igande chini, na barafu ikakaa juu ya mlima kama kofia, ikaondoka, kichwa cha mtoto kikabaki vilevile.

Nilimsaidia kuoga jioni ile. Nilikuwa nikimsugua mgongo aliponiambia, "Unajua, katika kazi yangu yote nimeona nyayo tu. Nimepima nyayo, nimechora nyayo, nimefundisha watu kuzitambua. Leo nimemwona mnyama mwenyewe akipita."

"Umwambie basi."

"Nitamwambia. Acha kwanza moyo utulie."

Alimwambia kesho yake, kwa namna yake. Alisema, "Baba Pacha, kazi yako ni kazi." Mume wangu alinisimulia maneno hayo kana kwamba amepewa shahada.

Baada ya hapo mama alitaka kujua mchezo wenyewe ukoje. Akapewa kidude cha kuchezea, akafundishwa kumtembeza msafiri. Alimwangusha kwenye majabali mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza, na kila akianguka alimpa pole. Kilichomkera ni mshale mwekundu uliokuwa ukielea juu ya skrini.

"Huu wa nini?"

"Unamwonyesha njia, mama. La sivyo atapotea."

"Atapoteaje na milima yote hii imesimama mbele yake?" Akaelekeza kidole. "Mabakuli yamefungua kule, basi kule ni kaskazini. Yakianza kukaa chini zaidi, anakaribia bahari, maana pwani kuna theluji nyingi na barafu hufika mpaka mabondeni. Yakipanda juu, anaingia bara kukavu. Akikuta milima ya vipara, ajue amefika kwenye baridi ile ya gundi. Kaka yake alielekea wapi?"

"Baharini," mume wangu akasema polepole.

"Basi ayafuate mabakuli yanayoshuka. Mshale wa nini?"

Mume wangu akauzima mshale.

Sasa shida ilikuwa ni Kapteni. Kapteni ndiye meneja wao, kijana nadhifu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri kuliko milima mingi, aliyepewa jina hilo kwa sababu ofisi huiita "meli yetu". Si mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa na wageni wanaokuja kuangalia mchezo kabla ya kuutia fedha, na alichowaahidi ni vilele vinavyotoboa mawingu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mume wangu alipompelekea nchi mbalimbali, nyingine za ncha, nyingine za vipara, nyingine zenye mabakuli machache yaliyomegwa pembeni kama mkate ulioonjwa, Kapteni alishika kichwa.

"Kaka, nani atalipa pesa kuangalia kipara? Na mshale umeupeleka wapi?"

Mume wangu alijitahidi kueleza, lakini yeye ni mtu wa kuonyesha, si wa kusema. Alirudi nyumbani mabega yameanguka. Alimwambia mama kwamba itabidi arudishe ile milima ya kwanza.

"Ofisi yenu iko wapi?" mama akauliza.

"Mjini. Juu ya duka la magodoro."

"Ina ngazi?"

"Mama, hapana."

"Nimekuuliza kama ina ngazi, sijakuuliza kama naweza kuzipanda."

Niliomba ruhusa kazini nikaenda nao, maana nilijua nisipokwenda nitasimuliwa vibaya. Ngazi zile ni nyembamba, za saruji, ukutani kumeegemezwa magodoro yaliyofungwa nailoni. Mama alipanda kama mtaalamu wa mazoezi alivyomfundisha: mguu mzima kwanza, ule mgonjwa ufuate, apumzike. Mume wangu alikuwa nyuma yake, mikono ameitandaza pande zote mbili bila kumgusa, kama mtu aliyebeba sinia lisiloonekana. Muuza magodoro alitoka akasema kama bibi akichoka anaweza kulala popote, asione haya. Mama alimshukuru kwa uzito wote, akaendelea kupanda.

Chumba cha ofisi kilijaa meza, nyaya na vikombe vya kahawa. Wote walisimama. Kapteni alimpa mama kiti chake mwenyewe, kile cha magurudumu, akampa shikamoo ya heshima. Mama akaitikia, akakaa, akavuta pumzi mpaka zikarudi mahali pake.

"Sikuja kukufundisha kazi yako, baba," akamwambia. "Mimi gemu silijui. Nimekuja kukuomba ucheze kidogo, mimi nikitazama. Mkwe wangu hasemi vizuri. Milima yake inasema vizuri zaidi."

Kapteni akacheka, akakaa. Mume wangu alimpa nchi ya kwanza, ile ya kaskazini, akamweleza jambo moja tu: mabakuli hapa yanatazama kaskazini na mashariki. Kapteni akaanza kwa kusuasua, akitafuta mshale kwa macho. Halafu akaona safu ya mabakuli, akasimamisha msafiri, akatulia. Akageuza njia. Alivuka ukingo mwembamba, akashuka bonde pana, akaona mabakuli ya mbele yamekaa chini zaidi kuliko ya nyuma. "Nakaribia bahari," akasema, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Alipofika akataka nyingine. Mume wangu akampa nchi ya kusini bila kumwambia ni ya wapi. Kapteni akasoma mabakuli kama alivyozoea, akakanyaga njia kwa kujiamini kabisa, akatembea, akatembea, akafika kwenye ukuta wa mwamba uliofunga kila kitu. Akarudi. Akajaribu tena, akafika palepale. Wenzake wote walikuwa wamekusanyika nyuma yake, mmoja akiziba mdomo.

"Nimedanganywa," akasema.

"Na nani?" mama akauliza.

Kapteni akaitazama skrini. Aliitazama muda mrefu, kisha akainua uso juu, kwenye anga ya mchezo, ambako jua la mume wangu lilikuwa limening'inia upande ambao hakuutegemea. "Na jua," akasema. "Jua liko kaskazini. Kila kitu kimegeuzwa." Akaanza kucheka, akazungusha msafiri, na safari hii akaenda moja kwa moja.

Hakukubali yote. Alisema mshale utabaki umefichwa, atakayeuhitaji aubonyeze, maana si kila mtu atakuja na mama mkwe. Alitaka vilele vikali viwe vingi zaidi katika zile nchi za mvua, na mama akasema hilo halina ubaya wowote, huko ndiko kwao. Lakini vipara alivikubali. Alisema alipokuwa akitoka kwenye ncha zile akafika pale penye utulivu, mawe yakiwa yamekaa yalipokaa tangu zamani, alihisi kitu kifuani ambacho hakujua akiite nini.

"Ni kuheshimu," mama akamwambia. "Na mimi huwa nakipata hapohapo."

Wageni walikuja, wakacheza, wakapotea kusini kama ilivyotakiwa, wakatia fedha. Mchezo ukatoka mwaka uliofuata. Haukuvunja rekodi yoyote. Wako waliolalamika kwamba milima inachanganya. Wako pia walioandika kutoka nchi mbalimbali, na ujumbe wa mmoja wao nilimsomea mama kwenye simu. Mchezaji huyo alisema ameishi chini ya mlima maisha yake yote, na baada ya kucheza alitoka nje ya nyumba yake, akautazama, akagundua mabakuli yote yako upande mmoja. Mama aliniomba nirudie. Halafu akasema nimpe simu Baba Pacha.

Maana kwa wakati huo alikuwa amesharudi kwake, anatembea bila chuma, akichechemea kidogo asubuhi. Mimi nilidhani nyumba ingetulia. Kumbe simu ikilia ni ya mume wangu, na wakati mwingine mimi mtoto wa kuzaa nahesabiwa salamu tu mwishoni.

Chuo alichofundisha mama walimwomba aje kuzungumza na wanafunzi. Alikubali kwa sharti kwamba atakayezungumza ni mkwewe. Mume wangu alikataa, akakubali, akakataa tena, na siku yenyewe alivaa tai ambayo mama ndiye aliyemfungia, akiwa amesimama mbele yake mlangoni kama anamwandaa mtoto kwenda shule. Ukumbi ulijaa. Mama alikaa kiti cha mbele kabisa, mimi pembeni yake.

Mume wangu akaweka ule mlima butu ukutani, mkubwa kuliko nyumba, akaweka jua, akaweka upepo, akamwaga theluji. Barafu ikaanza kusogea, na msichana mmoja nyuma yetu akasema "aisee" kwa sauti ndogo sana. Mume wangu akasahau kuogopa. Akaanza kueleza mikono ikiruka huku na huko, jinsi nchi moja inavyotafuna milima yake hadi mifupa na nyingine inavyoilinda chini ya barafu ileile, na kwamba kwa miaka aliidhani milima ni mapambo mpaka alipoulizwa imechongwa na nani.

Mama alikuwa ameegemea mbele, viwiko juu ya magoti, kitu ambacho daktari alimkataza. Nikamgusa bega arudi nyuma. Akautoa mkono wangu bila kugeuka.

"Ngoja," akaninong'oneza. "Ngoja uone anavyofika kwenye ukuta wa bakuli."